Wapasuaji na Ugonjwa wa Saratani
(Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika hesabu niliyowasomea hivi punde mmeona ya kuwa fedha nyingi za sanduku letu zilikodi magari ya kuchukua maiti. Naomba ruhusa niseme juu ya wale ambao pengine wangalirudi nyumbani wakiwa hai.

Shangazi yangu alitokwa na uvimbe titini. Katika hospitali moja uvimbe ule ulikatwa siku ile ile, ukatupwa pasipo kupimwa. Baada ya miezi minane ukarudi, na kwapani pia; mwaka uliofuata tukamzika. Aliyemkata hakuwa mvivu wala mtu mbaya, ila hakufundishwa kazi ile. Mpasuaji aliyefundishwa saratani hutwaa kwanza kipande kidogo kikapimwe. Akiisha kuujua ugonjwa, huuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo isiyo na ugonjwa inayouzunguka, tena huzichungua tezi za kwapani, kisha hushauriana na wenzake wa dawa na wa mionzi. Wazee husema kisu huuchochea ugonjwa huu. Nadhani walichokiona ni kisu kilichofanya nusu ya kazi.

Mwaka 2015 mabingwa waliokusanywa na jarida la Lancet Oncology walikadiria kwamba katika wagonjwa 10 wa saratani, zaidi ya 8 huhitaji kupasuliwa. Walakini duniani hawafiki robo wanaopata upasuaji ulio salama, kwa wakati wake na kwa bei wanayoiweza.

Je, ni lazima vijana wetu wavuke bahari? La. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye ofisi yake Arusha, huitwa chuo kisicho na kuta. Daktari hujifunza katika hospitali za huku huku, chini ya mpasuaji mkubwa, miaka 2 ya msingi na 3 ya ubingwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 juu ya wapasuaji waliofuzu katika nchi 10 za upande wetu ulionyesha ya kuwa 85 katika kila 100 walibaki katika nchi walimofundishwa.

Lakini mwanafunzi huyo ana ada ya kulipa, na pengine nauli ya kwenda mtihanini katika nchi nyingine. Kwa hiyo naomba sehemu ya kumi ya michango yetu itengwe kwa daktari mmoja kijana wa kwetu. Hoja hiyo ni ya 6 katika karatasi mlizo nazo mikononi.