Ugomvi Husuluhishwa, Kipigo Huripotiwa
Hotuba ya Afisa Ustawi wa Jamii kwa vijana wa Ikungi



Fedha za alizeti zikiingia mkononi, maneno nayo huingia kati ya wapendanao. Huyu anataka pikipiki, yule anataka ada ya chuo. Huyu anadai namba ya siri ya simu ya mwenzake, yule anakataa. Huo ni ugomvi, na ugomvi una dawa. Kila mmoja aseme kinachomuuma bila kutukana, mwenzake amsikilize hadi amalize. Hasira ikipanda, mazungumzo yaahirishwe hadi kesho. Wakishindwa, wamwite mtu mzima wanayemwamini wote wawili. Walio katika ndoa wanalo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Lakini kofi si ugomvi. Kumnyang'anya mwenzako simu, kumtishia, kumfungia ndani au kumlazimisha kimwili ni ukatili. Ukatili haufutwi kwa kikao cha ukoo wala kwa mbuzi wa faini. Aliyepigwa akikalishwa mbele ya aliyempiga na kuambiwa "yaishe", hujifunza kunyamaza. Mpigaji naye huwa amekwisha kujua bei ya kipigo kijacho.

Wapo wasemao kwamba mila inaruhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, ilikwisha kuwajibu: hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ikiwa aliyefunga ndoa hana haki hiyo, mchumba ataipata wapi?

Ukipatwa na ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Aliyebakwa awahi kituo cha kutolea huduma za afya mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asioge kwanza wala kufua nguo alizovaa. Mtoto aliye chini ya miaka 18, au yeyote anayemjua, apige namba 116 bila malipo.

Nanyi marafiki, kijana mwenzenu akijisifu kijiweni kwamba amemtia adabu mchumba wake, msimcheke. Kicheko chenu ndicho ruhusa yake.