Kidonge cha Mahindi na Chumba cha Watoto

 

Basi likipinduka barabarani, polisi hufika, gari hukaguliwa, dereva huhojiwa. Mtoto akinywa sumu nyumbani, analaumiwa mama yake, na shauri linaishia hapo. Leo naomba tumwache mama kwanza, tuifuate sumu yenyewe ilikotoka.

Kwetu Mpitimbi, mkoani Ruvuma, zao ni mahindi. Yakishapukuchuliwa, magunia huingizwa ndani, mara nyingi chumba kilekile wanacholala watoto, maana ghala ni gharama na wezi wapo. Dumuzi naye hasubiri, hivyo mtu hukimbilia vidonge. Vile vinavyotumika kufukiza nafaka vina fosfidi ya aluminiamu. Vikipata unyevu, hata wa hewa tu, hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo humuua mdudu na mtu vilevile. Haina dawa ya kuizima mwilini. Daktari hubaki kumsaidia mgonjwa apumue na moyo usisimame. Ndiyo maana vidonge hivi vinatakiwa kutumiwa na aliyefunzwa, chini ya turubai lisilopitisha hewa, mbali na wanapolala watu. Kidonge kikiuzwa kimoja kimoja, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, maelezo yote haya yamebaki kwenye kopo la muuzaji.

Tazameni kidonge hicho kilikopita: mamlaka ya viuatilifu, duka la pembejeo, bwana shamba, baba mwenye magunia, na mwisho kabisa mganga wa zahanati. Mganga ndiye aliyeona madhara, lakini taarifa zake za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, hupanda wilayani kila mwezi bila kupita kwenye mkutano wa kijiji. Hapa ndipo tunapopoteza watoto. Anayejua hakutani na anayeuza.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi, ushahidi upo, kwenye sumu nyingine ya nyumbani. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1994 ulihusu kaya zilizopewa vyombo vya mafuta ya taa vyenye kizibo kisichofunguliwa na mtoto. Watoto waliokunywa mafuta hayo walipungua kwa asilimia 47. Hawakupewa mama wengine; walipewa kizibo. (Na kwa kuwa tumeyataja: aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakipanda huingia mapafuni. Awahishwe kwa mganga.)

Kwa mahindi nako dawa si kukemeana. Ipo mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, plastiki mbili ndani ya kiroba. Ukiifunga vizuri mahindi yakiwa makavu, dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila kidonge. Bei yake inazidi ya kiroba cha kawaida, nakubali, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja. Chama cha ushirika kinachoagiza mbolea kwa jumla kinaweza kuagiza na mifuko. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, basi itunge moja kuhusu vidonge vya kufukiza: visiuzwe nje ya kopo lake wala visiwekwe kwenye nyumba ya kulala. Mwalimu awafundishe watoto kuitambua alama ya fuvu.

Ombi langu kwa Mtendaji wa kijiji ni hili: kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa kabla ya mavuno, mganga apewe nafasi ya kusoma aliyoyaona mwaka mzima, bila kutaja jina la mgonjwa, na muuza pembejeo na bwana shamba wawepo kumjibu.