Mahindi Yaliyokataliwa Yaende Wapi?

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Msimu wa ununuzi unapowadia, mambo huwa yale yale katika kila ghala la chama. Mkulima huleta magunia yake, karani hutia mkono ndani ya gunia, na punje zikiwa na unyevu au ukungu, gunia hilo hukataliwa. Karani huita jina linalofuata, na mwenye gunia hulipakia tena kwenye baiskeli yake akarudi nyumbani.

Swali lisiloandikwa katika daftari la chama ni hili: gunia hilo limekwenda wapi? Mara nyingi limekwenda jikoni. Mkulima asiye na cha kutupa huchagua mahindi mazuri kwa ajili ya soko, na yale mabovu yakawa posho ya nyumbani: ugali wa wakubwa na uji wa watoto. Hivyo mnunuzi wa mbali hulindwa, na mtoto wa mwanachama halindwi.

Ukungu unaoota katika mahindi yenye unyevu waweza kuacha sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu, na moto wa jiko hauiondoi. Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi huharibu ini. Macho huwa ya manjano, tumbo huvimba, na mtu aweza kufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa ajili ya sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mengi ya mahindi hayo yalilimwa huko huko na kuhifadhiwa majumbani yakiwa hayajakauka. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kinga iliyo mikononi mwa kila mkulima ni kukausha. Mahindi yaliyokomaa yavunwe mapema, yasirundikwe juu ya ardhi, na yaanikwe juu ya turubai, jamvi au kichanja. Yapukuchuliwe kwa uangalifu, kwa kuwa punje iliyopasuka huufungulia ukungu mlango. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

Asiye na kipimo cha unyevu aweza kutumia chupa na chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa itiwe mahindi hadi theluthi yake, pamoja na vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Ifunikwe, itikiswe kwa dakika moja au mbili, kisha iachwe itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi yarudishwe juani. Isiposhika, yafaa bado yaongezwe siku moja au mbili za jua, maana kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5.

Si jambo jepesi kumwambia mwenye watoto wengi atupe chakula, hasa katika mwaka wa mvua haba. Kwa hiyo asitupe gunia zima kabla ya kuchambua. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu ziondolewe kwa mkono, kwa kuwa sumu nyingi hukaa humo. Kukoboa nako huipunguza. Lakini zile zilizoondolewa zifukiwe. Zisitengenezewe pombe, zisipewe kuku, wala pumba zake zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita ikaingia katika maziwa, na maziwa yakarudi kwa mtoto yule yule. Na gunia lililoshikwa na ukungu kote halina cha kuokoa.

Chama nacho kina wajibu wake. Kwanza, karani anapokataa gunia amweleze mkulima sababu yake kwa upole, na ampe maelezo ya kuchambua na kuanika. Pili, chama kinunue maturubai machache ya kuazimana, ili gunia lililokataliwa kwa unyevu tu lianikwe siku hiyo hiyo uwanjani pa ghala, lisirudi nyumbani kufungwa likiwa bichi. Tatu, daftari la mapokezi liongezwe safu mbili: kilo zilizokataliwa, na mahali zilipokwenda.

Kinga ni bora kuliko tiba. Yafaa basi jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu kabla ya mizani kufunguliwa, na akina mama, ambao ndio wanaopika, wasikose katika mkutano huo.