Picha ya Titi Isipotoa Jibu

Msikilizaji, ukiambiwa picha ya titi haikutoa jibu kamili, usiyapokee maneno hayo kama hukumu. Katika mfumo wa BI-RADS, ambao wataalamu wa mionzi huutumia kuyapa majibu ya picha namba, namba 0 maana yake ni kwamba picha hazijatosha. Huenda titi lina tishu nzito, jambo la kawaida hasa kwa wanawake vijana, nazo kwenye mamogramu huonekana nyeupe kama uvimbe unavyoonekana. Ndiyo maana unaitwa tena kwa picha za ziada au ultrasaundi. Namba 3 ni habari nyingine: uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida picha hurudiwa baada ya miezi 6.

Wapo watakaouliza, na wana haki: kwa nini nisubiri, si afadhali nichukuliwe kinyama kwa sindano leo? Sindano isiyo ya lazima nayo ina maumivu na gharama zake, ilhali saratani chache zinazogundulika katika ufuatiliaji huu kwa kawaida huwa bado changa. Ila kusubiri huku kuna tarehe, na asiyerudi hafuatiliwi. Ukihisi uvimbe mpya, ngozi ikibonyea au chuchu ikitoa damu, usiingoje tarehe hiyo. Na hofu ikikunyima usingizi, huo si udhaifu. Mwambie dada au mwenzi wako, nenda naye kliniki akusaidie kusikiliza majibu na kuuliza maswali.