Kimbilio Huchaguliwa Kabla ya Wimbi

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Mashewa, Wilaya ya Korogwe)



Mashewa iko mbali na bahari, na huenda mtu akadhani kwamba tsunami ni shauri la watu wa Tanga na Pangani peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Vijana wa Bonde la Lwengera hushuka pwani kila mwaka kwa masomo, kazi na biashara, na huko huenda na yale tu waliyofundishwa nyumbani.

Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya Jumapili, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Wimbi lilichukua saa saba na zaidi kufika Afrika Mashariki. Hata hivyo, watu zaidi ya kumi walikufa Tanzania, wengi wao wakiogelea. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni mapema, alikufa mtu mmoja. Ni dhahiri kwamba muda ulikuwapo. Kilichokosekana ni onyo na mahali pa kukimbilia.

Wala wimbi hilo halikuwa la kwanza. Wataalamu waliochimba karibu na Pangani wamekuta mabaki ya makazi yaliyofunikwa na wimbi kubwa yapata miaka 1,000 iliyopita.

Baada ya 2004, nchi za Bahari ya Hindi zilianzisha utaratibu wa kupeana tahadhari. Lakini tahadhari humwambia mtu akimbie; haimwonyeshi wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mpango. Kimbilio hapana budi liwe juu, tena pafikike kwa miguu na mtoto, mzee na mgonjwa. Mji wa Pangani uko mdomoni mwa mto, na wimbi huweza kupanda mto; kwa hiyo njia isifuate ukingo, wala uhai wa watu usitegemee kivuko cha kwenda Bweni. Kimbilio likiwa shule, ijulikane ufunguo uko kwa nani, hata siku ya Jumapili.

Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na tetemeko lile, walikufa watu saba tu kati ya maelfu mengi. Wazee walikuwa wamewasimulia wajukuu maafa ya 1907: ardhi ikitetemeka sana, kimbilieni mlimani. Somo hilo halikuhitaji fedha.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi kijijini. Kamati za pwani zichague makimbilio na kuwatembeza wananchi njia zake. Kamati za bondeni zifanye vivyo hivyo kwa ajili ya mafuriko. Nao walimu wafundishe mambo matatu: bahari ikirudi nyuma ghafla, panda juu, usisimame kutazama, usishuke baada ya wimbi la kwanza, kwani jingine huweza kuwa kubwa zaidi.

Mtoto wa Mashewa akiyajua hayo, ataweza kuokoa nafsi yake na ya mwenzake popote atakapokuwa pwani.