Rangi ya Kuku: Inasema Nini, na Haisemi Nini

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa siku ya wafugaji wa kuku, na kuchapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Kuna swali ambalo maafisa wa mifugo huulizwa mara kwa mara wanapotembelea maboma. Kuku mweusi amelalia mayai 12. Vifaranga wametoka: baadhi weusi, baadhi wa kijivu, wawili wekundu na mmoja mweupe. Mwenye boma humtazama jogoo wake, kisha humtazama jogoo wa jirani. Baba ni nani?

Swali hilo huchekesha, lakini lina pesa ndani yake. Mfugaji mmoja humchinja tembe mzuri kwa sababu ni mweupe na "ataita mwewe". Mwingine hununua vifaranga sokoni akihakikishiwa kuwa rangi fulani ndiyo ya kienyeji iliyoboreshwa. Anawalisha miezi mitano, sita, akisubiri mayai, kumbe wengi wao ni majogoo. Mfugaji akijua rangi inasema nini na haisemi nini, hasara za namna hii hupungua.

Rangi hutoka wapi

Kila kuku hupokea maagizo ya rangi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Maagizo hayo huitwa jeni. Jeni nyingine zina nguvu, hata ikiwepo moja tu huonekana kwenye manyoya. Nyingine hujificha, na hazionekani mpaka kifaranga azipate kutoka pande zote mbili. Mwaka 1902, Mwingereza William Bateson alionyesha, kwa kuwapandisha kuku wa aina mbalimbali, kwamba kanuni alizogundua Mendel kwa kupanda minji zinafanya kazi kwa wanyama pia.

Chukua weupe. Kuna weupe wenye nguvu, kama ule wa kuku wa White Leghorn. Jogoo huyo akimpanda kuku mweusi, watoto hutoka weupe, mara nyingi wakiwa na vidoa vyeusi hapa na pale. Lakini kuna pia weupe unaojificha. Jogoo mwekundu na kuku mweusi wanaweza kuwa wameubeba wote wawili bila mtu kujua. Wakikutana, takriban kifaranga mmoja kati ya wanne hutoka mweupe. Kwa hivyo kifaranga mweupe peke yake si ushahidi kwamba jogoo wa jirani aliruka ua.

Kijivu kile cha rangi ya majivu nacho kina kanuni yake. Ni weusi uliopunguzwa nguvu na jeni moja. Jogoo na kuku wote wakiwa wa rangi hiyo, takriban robo ya watoto huwa weusi, nusu huwa wa kijivu, na robo huwa weupe wenye madoa ya kijivu. Mayai ya mama mmoja na baba mmoja, rangi tatu.

Kishingo pia ni jeni yenye nguvu. Mwenye jeni moja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye mbili shingo huwa tupu kabisa. Kuku hawa wana manyoya machache mwilini, na kwa sababu hiyo hustahimili joto vizuri. Anayeishi sehemu za joto na kuwaondoa kwa kuwa "si wazuri machoni" anaondoa mali.

Pale ambapo rangi humsaidia mfugaji

Kuna njia ambazo rangi hutambulisha jinsia siku ile ile kifaranga anapototolewa. Mojawapo ni kwa kuku wa milia, wale wenye mistari myeupe na myeusi kama Plymouth Rock.

Jeni ya milia husafiri pamoja na jinsia. Mama humpa jeni hiyo mtoto wa kiume peke yake. Mtoto wa kike huipata kwa baba tu. Basi mfugaji akichukua kuku jike mwenye milia na kumpandisha na jogoo mwekundu asiye na milia, kwa mfano Rhode Island Red, vifaranga wote hutoka weusi, lakini madume huwa na doa jeupe kichwani. Majike hawana doa hilo. Madume yanapokua huota milia. Majike hubaki meusi, pengine na wekundu kidogo shingoni.

Yapo masharti mawili. Kwanza, mwenye milia lazima awe mama. Jogoo akiwa ndiye mwenye milia, madume na majike wote wanaweza kupata milia, na njia hii haifanyi kazi. Pili, jogoo asiwe mweupe, kwa maana weupe wenye nguvu hufunika alama zote.

Jambo jingine: kuku huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi. Anayebadilisha jogoo asubiri wiki tatu kabla ya kuweka mayai ya kutotoa; la sivyo watoto wa jogoo wa zamani wataendelea kutokea.

Pale ambapo rangi haisemi kitu

Rangi haimwambii mfugaji kuku atataga mayai mangapi. Kuku wawili wa rangi moja wanaweza kutofautiana sana. Njia ya kumjua mtagaji ni daftari: nani ametaga, lini, na ameangua vifaranga wangapi.

Rangi haithibitishi aina pia. Kuku chotara wa kibiashara wakizaana nyumbani, watoto wao hutoka wa rangi nyingi, na utagaji au uzito wa wazazi mara nyingi hushuka. Hata yule anayefanana kabisa na mamake huenda asitage kama yeye. Anayetaka kienyeji iliyoboreshwa aulize chanzo cha vifaranga, si rangi yao. Shirika la utafiti la KALRO huzalisha kuku hao katika kituo chake cha Naivasha, na ofisi ya mifugo ya wadi inaweza kumwelekeza mfugaji kwa watotoaji wanaoaminika.

Na zaidi ya yote, rangi haizuii kideri. Ugonjwa huo ukiingia bomani, mweusi, mwekundu na wa kanga huanguka pamoja. Chanjo ndiyo kinga.

Basi kabla ya kumchinja tembe kwa ajili ya rangi yake, mfugaji afungue daftari kwanza. Abadilishane jogoo na mfugaji wa mbali kila mwaka, ili jogoo asiwapande binti zake. Na kifaranga mweupe akitokea kwa mama mweusi, jogoo wa jirani asihukumiwe kabla ya kusikizwa.