Nyota Iliyomwaga Mwili Wake



Sisi wavuvi tunazijua nyota. Tunadhani hazibadiliki. Siyo hivyo, ndugu!

Kusini, karibu na nyota nne za Msalaba, iko nyota iitwayo Eta Karina. Ni kubwa mno. Mwanga wake ni mkali hata unausukuma mwili wake nje, kama uji unavyochemka na kumwagika chunguni. Mwaka 1837 ilianza kung'aa sana. Mwaka 1843 nyota moja tu iliizidi. Ilimwaga uzito unaozidi majua 10, kisha ikafifia.

Bwana John Herschel aliiona Afrika Kusini, akaandika. Wazee wetu wa Ukerewe walikuwa chini ya anga hiyohiyo, lakini hawakuwa na kalamu. Sisi tunayo. Basi tuandike tunayoyaona.